Jentamaisini imeshuka mno: niamini maabara?

Muuguzi_Likoni: Asalam aleikum wenzangu. Mgonjwa yuko kwenye jentamaisini mara moja kwa siku, pamoja na piperasilini; zote ni antibiotiki. Kreatinini, kipimo cha figo, iko juu, yaani figo ni dhaifu na nilitarajia dawa ibaki nyingi; lakini kipimo cha jentamaisini kabla ya dozi kimerudi chini ya 0.5 mg kwa lita. Damu ilivuka feri, ikapimwa baada ya saa tano. Nimuongezee daktari wasiwasi?

Maabara_Tudor: Usiongeze dozi bado, dada. Piperasilini huendelea kuiua jentamaisini ndani ya chupa ya damu, na joto letu huharakisha. Damu ikishaganda, kama nusu saa, izungushwe kwenye sentrifuji, seramu (maji ya damu) itengwe, kisha ipimwe papo hapo au igandishwe kwenye friza. Kwenye barafu ya kawaida uharibifu hupungua tu, haukomi. Halafu, figo zikiwa dhaifu, jambo hilohilo hutokea kiasi mwilini, kwa hiyo huenda namba ina ukweli ndani yake. Rudia.

Mfamasia_Kizingo: Na mashine ya maabara haijui saa ya dozi! Andikeni saa dripu ilipoanza, ilipoisha na damu ilipotolewa; kosa la saa laweza kubadilisha maana yote. Toeni damu kwenye mkono usio na dripu. Ukivuta kwenye laini iliyopitisha dawa, namba yaweza kupanda kwa uongo hata ukiisafisha.

Muuguzi_Likoni: Shukrani. Je, vankomaisini, antibiotiki nyingine, nayo huharibika hivyo?

Maabara_Tudor: Si kwa piperasilini. Ila kwa wagonjwa wenye protini za ajabu kwenye damu, kama wa mayeloma (saratani ya uboho), baadhi ya vipimo vya dawa hiyo vinavyotumia kingamwili huweza kusoma chini. Omba sampuli ipimwe kwa njia nyingine.