UZI WA MALALAMIKO: Wauzaji wa programu za mihimili mitano, mnatuuzia sinema bila posti

Patasi_ya_Kibos (Kisumu)

Wadau wa CNC (mashine za kukata zinazoongozwa na kompyuta), nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na siombi radhi. Karakana inasikia kuna kazi ya vipande vya ndege ndogo na droni, inajikaza inanunua mashine ya mihimili mitano (X, Y na Z za kusogea, na mbili za mzunguko kama A na C), halafu ajenti wa programu ya CAM, ile inayopanga njia ya kikatio, anateremka kutoka Nairobi na kipakatalishi chake. Anaonyesha impela (gurudumu la mapanga yaliyopinda) ikichongwa kwenye skrini, rangi zinang'aa, holda, yaani kishikio cha kikatio, inajipinda kama nyoka. Bosi anatia sahihi. Siku ya kuwasha spindo inayozungusha kikatio ndipo mnagundua mlinunua sinema.

Sitaji programu wala ajenti, maana ugonjwa huu ni wa ukoo mzima.

Mashine haiijui programu yako. Inachokijua ni kile kilichoandikwa na posti, yaani ile faili inayogeuza njia ya kikatio kuwa kodi za G. Posti ya mihimili mitatu unaweza kuomba kwa jirani, ukabadilisha mistari miwili na ukalala usingizi. Ya mitano haiombwi. Lazima ijue kama ni meza inayopinda na kuzunguka, au ni kichwa, au kimoja hapa kingine pale. Ijue A (ya kupinda) inaishia digrii ngapi kila upande, C (ya kuzunguka) ina kikomo au inazunguka milele, kitovu cha mzunguko kiko wapi, na kontrola, yaani kompyuta ya mashine, inaitaje udhibiti wa ncha ya kikatio (ncha kubaki mahali pake kwenye kipande hata mihimili ya mzunguko ikisogea): Fanuc ni G43.4, Haas ni G234, Siemens ni TRAORI, Heidenhain ni M128 au FUNCTION TCPM. Ajenti anakuachia posti "ya jumla" inayoandika G43 tupu, ya kufidia urefu wa kikatio tu, anakwambia inafanya kazi, anapanda basi.

Ni kweli inafanya kazi, mradi kipande kikae mezani pale pale kilipokaa kwenye modeli. Sasa kifunge milimita 3 kando upande wa Y. Meza ikiwa bapa unasahihisha kwa G54 (sifuri ya kipande) na kila kitu kinaenda sawa. Pindua A hadi digrii 90: zile milimita 3 zimekuwa Z, lakini G54 yako bado inasukuma Y. Endimili, kile kikatio, ama inakata hewa ama inazama milimita 3 ndani ya ukuta uliotakiwa kubaki na unene wa milimita 2. Aliyefunga kipande ndiye atakayelaumiwa, na hana kosa. Ukitumia posti inayoita udhibiti wa ncha, unafunga kipande popote panapofaa, unagusa sifuri, unaendelea. (Kwanza hakikisha uwezo huo umefunguliwa kwenye kontrola. Kwenye mashine nyingi ni nyongeza ya kulipia, na aliyekuuzia mashine hakukumbuka kukwambia.)

Fidi nayo, yaani kasi ya kusogeza kikatio. Bila udhibiti wa ncha, posti inatakiwa kuandika G93, ambapo kila mstari una F yake (kasi gawa kwa urefu wa mwendo): mwendo wa milimita 2 kwa kasi ya milimita 500 kwa dakika unakuwa F250. Posti ya jumla inaacha G94 (umbali kwa dakika) na F500 moja juu kabisa. Mhimili wa mzunguko ukisogea peke yake, kontrola inasoma digrii 500 kwa dakika. Kwenye nusu kipenyo cha milimita 150, digrii moja ni milimita 2.6 za njia, kwa hiyo kikatio kinakimbia kama milimita 1,300 kwa dakika. Kwenye nusu kipenyo cha milimita 20 kinajikokota kwa 175, kinasugua badala ya kukata, makali yanaungua. Kisha mnasema alumini ya Nairobi ni mbaya.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni ile simulesheni ya kijani. Mara nyingi inaiga njia ya kikatio KABLA ya posti. Posti ikikosea alama ya kutoa kwenye C, skrini itabaki kijani na mashine itagonga. Simulesheni ya maana inasoma kodi zenyewe za G, zile zile zitakazoingia kwenye kontrola, kama inavyofanya programu ya VERICUT. Muulize ajenti swali hilo moja kisha umtazame usoni.

Kuna na ankara. Bei ya kwanza ni ya mihimili mitatu. Mitano ya pamoja (yote ikisogea kwa wakati mmoja) ni moduli, simulesheni ya mashine ni moduli, kusoma faili za CATIA (programu ya kuchora modeli) ni moduli, posti ni "huduma", na juu ya yote VAT asilimia 16. Posti ikikataa, mwandishi wake yuko ng'ambo. Utakula samaki wa Dunga hadi uzoee mifupa ukimsubiri.

Lethi_ya_Miwa (Kakamega)

Umesema kweli ila mmeanza kulia mbali. Nani alisema vipande hivyo vinahitaji mitano ya pamoja? Mabano ya injini, vishikilia bawaba, mbavu ndogo: vingi vinaisha kwa 3+2. Unapindua meza, unaifunga, unakata kama mihimili mitatu ya kawaida. Mihimili ya mzunguko ikiwa imefungwa mashine inakuwa ngumu zaidi, mtetemo unapungua, na posti ni rahisi mara kumi. Mitano ya pamoja iache kwa impela, blade, na kuta zilizopinda ambazo unazikata kwa ubavu wa endimili. Karakana iliyozoea roli na gia za viwanda vya sukari ikianzia na impela imejitafutia msiba.

Moduli ya 3+2 kwanza. Ile nyingine mkataba uiandike kama nyongeza ya baadaye kwa bei iliyotajwa leo.

Digrii90 (Nakuru)

Naongeza singulariti, maana hakuna ajenti anayelitamka neno hilo. Kwenye meza ya A/C, kikatio kinapokaribia kusimama wima kabisa, yaani A karibu na sifuri, C inachanganyikiwa: mwelekeo ukibadilika kidogo tu, C inataka kuruka digrii 180. Kikatio kinasimama mahali pamoja meza ikizunguka chini yake. Unapata doa la mviringo ambalo huwezi kulipolishi, kwa sababu ukilipolishi unene umeenda.

Programu nzuri inakuruhusu kuzuia pembe isiingie eneo hilo, au kulainisha C kabla hapajafika. Ikishindwa, tengeneza jigi (kishikio cha kipande) inayoinamisha kipande digrii 10 hadi 15 ili eneo lile liangukie nje ya sura unayokata. Na kama C ina kikomo, angalia posti inafanya nini ikikifikia: inatakiwa kutoa kikatio nje, kurudisha C digrii 360, kisha kuingia tena taratibu. Posti mbaya inazungusha C kikatio kikiwa ndani ya nyama.

Kabla ya kulaumu programu, pimeni kitovu. Funga mpira wa chuma wa kupimia mezani, pata kitovu chake kwenye C0, zungusha C180, pata tena. Katikati ya hizo mbili ndipo C inapozungukia. Rudia kwa A0 na A90, ila hapo kitovu hakiko katikati ya hizo mbili; kinakokotolewa kwa kutumia ile pembe ya digrii 90. Fanya hivyo mashine ikiwa imepata moto, angalau dakika 30, si asubuhi ya baridi ya Nakuru. Kosa la digrii 0.01 ukiwa milimita 200 kutoka kitovu ni milimita 0.035. Kwa shimo la H7 (tolaransi finyu) hilo ni jeneza.

DadaMaikroni (Eldoret)

Mnazungumza kukata tu, na hii ni kazi ya ndege. Chagueni programu mkifikiria makaratasi.

Kipande cha kwanza kinakaguliwa chote na kuandikwa kwa mtindo wa AS9102, kiwango cha ukaguzi wa kipande cha kwanza katika kazi ya ndege. Kiwango hicho kinasema programu ya NC (zile kodi za G) ikibadilika kwa namna inayoweza kugusa umbo, kukaa au kazi ya kipande, ukaguzi unarudiwa kwa sehemu iliyoguswa. Sasa programu yako ya wingu inajisasisha usiku. Asubuhi unabonyeza posti kwenye njia ile ile, kodi zinatoka tofauti kidogo: mpangilio wa A na C umegeuka, kona imelainishwa vingine. Mteja akiuliza, utasema nini?

Kwa hiyo dai uwezo wa kufunga toleo. Toleo la programu na la posti viandikwe juu ya kila faili ya NC kama maelezo. Tunza faili ya NC yenyewe, si mradi wa CAM pekee, na kabla ya kundi jipya linganisha faili mbili mstari kwa mstari. Na soma mkataba wa mteja kabla ya kupandisha michoro yake kwenye seva ya mtu: baadhi hawaruhusu kabisa.

Modeli: wenye ndege kubwa, Airbus na Boeing wakiwemo, wanatumia CATIA. Ukikosa kisomaji chake, omba faili ya STEP AP242 (muundo usiofungwa kwa programu moja), ambayo inaweza kubeba vipimo na tolaransi ndani ya modeli. Faili za IGES, muundo wa zamani, nyuso zake hutoboka, na utazishona siku nzima.

Moja zaidi kwa wanaokata sura zilizopinda. Uliza kama programu inaielewa endimili ya umbo la pipa. Endimili ya ncha ya mpira ya milimita 10, ukisogea 0.5 kila mstari, inaacha matuta ya kama maikroni 6. Pipa la nusu kipenyo cha milimita 85 linaacha matuta hayo hayo ukisogea milimita 2. Ni robo ya mistari. Ila hapo hakuna kubahatisha pembe: ikikosewa kidogo tu, pipa linakata kwa sehemu isiyotakiwa.

Na tafadhali, programu haikupi ruhusa ya kufunga kipande kwenye ndege. Hiyo iko kwa mwenye muundo na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Ajenti akikwambia programu yake "imeidhinishwa kwa ndege", mpe chai aende.

Ajenti_Mstaarabu

Naomba nitete upande wetu kidogo. Posti ni kazi ya siku nyingi na wateja hamtupi habari. Tunaomba mchoro wa mashine, mnatutumia picha ya WhatsApp ya mlango wake. Tunaomba orodha ya nyongeza zilizofunguliwa kwenye kontrola, hakuna anayejua. Holda zenu hazijapimwa: kwenye programu endimili imetoka milimita 52, kwenye mashine mmeifunga kwa 45, halafu holda ikigusa ukuta mnasema simulesheni ni ya uongo. Na mnapiga kelele kuhusu posti baada ya kubembeleza punguzo, na punguzo hilo lilitoka kwenye posti.

Patasi_ya_Kibos

La holda nakubali, halina utetezi. La habari za mashine pia. Lakini kama punguzo lilitoka kwenye posti, kwa nini ankara haisemi "bila posti"? Andika! Mteja achague akiwa macho.

Tusibishane sana. Mimi napendekeza kila anayenunua aweke kipande kimoja cha majaribio kwenye mkataba, na malipo ya mwisho yafuate kipande hicho, si onyesho. Alumini ya 6061, 120 kwa 100 kwa 60, haina gharama. Kifungwe kwa makusudi mbali na kitovu cha meza, tuseme 37 kwa X na 21 kwa Y. Kiwe na mfuko wenye ukuta mmoja wa unene wa milimita 2 na urefu wa 30, umeinama digrii 12. Kiwe na shimo la milimita 10 H7 lililopinda kwa pembe mbili, A35 na C40, litobolewe kisha lipitishwe rima ya kulifikisha kwenye kipimo. Juu kiwe na koni iliyokatwa kwa mihimili mitano ya pamoja, ile ya mtindo wa NAS 979 (kiwango cha kujaribu mashine), ambayo inazianika mashine na posti bila huruma.

Pima. Kisha chukua bonge jipya, lifunge milimita 3 kando ya lile la kwanza, gusa sifuri, na endesha faili ILE ILE bila kuitoa upya kwenye posti. Shimo lisipokuja mahali pake kuhusiana na kingo za kipande, hakuna malipo.

Lethi_ya_Miwa

Hizo digrii 12 umezipima kutoka wima au kutoka mezani? Na umeinamia ndani ya mfuko au nje? Ajenti atachagua inayomfaa.

Patasi_ya_Kibos

Kutoka wima, kuelekea ndani, ili mdomo wa mfuko uwe mwembamba kuliko sakafu yake. Ukiinamia nje, hata mihimili mitatu na endimili ya pembe itaukata na atatudanganya tena. Na kona za ndani ziwe nusu kipenyo cha 6, kikatio kiwe cha 10, asipate kisingizio.