Wifi yangu Mmalawi ameachwa na kaka, uraia ataombaje?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Mbeya, naomba ushauri.

Wifi yangu ni Mngonde wa Karonga. Kaka alimuoa 2011, ndoa ya kanisani, cheti kipo, wakaishi Kyela. Ukimsikia anaongea Kinyakyusa huwezi kujua kavuka mto Songwe, mpakani. Watoto wawili, wote wamezaliwa hapa. Kibali chake cha kuishi nchini kinasimama kwa jina la mume.

Sasa kaka kahamia Tunduma kwa mwanamke mwingine, mwaka wa pili huu, na barua ya kuongeza kibali hataki kusaini. Ni ndugu yangu wa damu lakini hapa amekosea, siwezi kumtetea. Wifi anauza mchele Mwanjelwa, ndio anayelisha wanangu wale.

Talaka haijatoka. Nimesoma Sheria ya Uraia ya 1995: mke wa Mtanzania anaruhusiwa kuomba wakati mume yu hai. Njia nyingine ni tajnisi, yaani mgeni kuomba uraia kwa kuwa ameishi nchini: miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na miaka 7 ndani ya ile 10 iliyotangulia.

Je, aombe sasa kama mke, au watauliza mume yuko wapi? Tukienda baraza la usuluhishi la ndoa tutamharibia? Na kwa kuwa uraia pacha haupo, ataukana wa Malawi wakati gani, asije akabaki hana kwao?

Kibali kinaisha mwezi ujao. Aliyepitia haya anisaidie tafadhali.