Shamba lipo, farasi anakuja, nianze na banda au uwanja?

Tandiko_Jipya
Wadau habari zenu. Familia yetu ina shamba kubwa, nyumba ya zamani katikati, malisho mengi na bondeni kuna kaeneo tambarare kabisa ila mvua ikipiga maji yanatuama kidogo. Nataka kuleta farasi mmoja tuanze kupanda sisi na watoto, baadaye Mungu akijalia tupokee na wageni. Fundi anasema nianze na banda la matofali halafu uwanja wa kupandia niuweke hapo bondeni coz hakuna kazi ya kusawazisha, sasa mi roho inasita. Nyie mngeanza na nini?

Saisi_Mkongwe
Mkuu bondeni usijenge, nakuomba. Kinachoua uwanja ni maji. Kuna shamba niliwahi kufanya kazi walimwaga mchanga mzuri juu ya udongo wa mfinyanzi bila mifereji, msimu mmoja tu wa mvua mchanga na tope vikawa kitu kimoja, tukazoa wote tukautupa, yaani iliniuma kama hela yangu. Tafuta palipoinuka, toa udongo wa juu, laza mabomba ya kutolea maji, kokoto za kushindilia, kitambaa cha kutenganisha, ndo uje mchanga, na usiujaze sana maana farasi akizama kano za miguu ndo zinaumia. Mita 20 kwa 40 zinakutosha, 20 kwa 60 ni ya mashindano makubwa ya dresaji, ule mchezo wa farasi kupiga hatua maalum kwa kuongozwa na mpandaji. Ila kabla ya yote, siku mvua ikinyesha tembea shamba zima uangalie maji yanapita wapi.

MamaKwato
Mi nimeshtuka hapo kwenye farasi MMOJA. Kaka, farasi ni mnyama wa kundi, ukimweka peke yake atazunguka uzio kutwa nzima analia, hali vizuri. Mtafutie mwenzie hata kama ni mzee hapandwi tena. Banda la matofali lisubiri, chumba cha mita 3.6 kwa 3.6 kwa farasi wa kawaida kinatosha bora hewa ipite juu, maana mkojo unatoa amonia na mapafu yanaharibika. Hela weka kwenye uzio na SIO seng'enge, farasi akishtuka anakimbia kwanza, nimeshashika miguu iliyochanwa na waya sitaki kuona tena.

Tandiko_Jipya
Asanteni sana aisee. Na chakula je, majani si yapo tele?

Saisi_Mkongwe
Hapo kuwa makini. Farasi wa kilo 500 anataka kama kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, na tumbo lake linatoa asidi muda wote hata asipokula, kwahiyo akikaa masaa mengi bila kutafuna anapata vidonda. Lakini ukimwachia majani mabichi mengi ghafla anaweza kupata koliki, yaani maumivu makali ya tumbo, au kuvimba ndani ya kwato, na farasi hatapiki, kikiingia kimeingia. Mzoeshe kidogo kidogo. Na nyasi kavu zikae mbali na banda, moto ukishika hutoi mtu wala mnyama.

Tandiko_Jipya
Nimeelewa, fundi nimempigia asimame kwanza na farasi watakuja wawili. Huku wingu limeshafunga, nimetoa buti za mvua ziko mlangoni.