Barabara inapanuliwa, sisi wa pembeni tunapimwaje?

Mleta mada: Wakuu habari zenu. Mtaani wamekuja watu wa tathmini, barabara kuu itapanuliwa, wamepima nyumba wakahesabu mpaka miembe ila watoto watavukaje kwenda shule na genge la mama litahamia wapi hakuna aliyeuliza. Hivi wanaangalia nini hasa?

Jirani_wa_Lami: Cheki rangi ya ile alama ya X inayochorwa kwenye nyumba kwanza mkuu. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo linalotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 mpaka 30 kila upande, kwa hiyo mwenye haki kwenye zile 7.5 za nyongeza anawekewa X ya kijani na analipwa. Nyekundu ulishakuwa ndani ya hifadhi, hakuna fidia.

Mpimaramani: Hao walikuwa wa mali tu. Tathmini ya athari kwa mazingira ni kitu kingine, inapitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya 2004, na huko ndo kwa kuulizia vivuko, mitaro na biashara. Kikao cha maoni kikiitishwa nendeni wengi, semeni kivuko mnakitaka wapi na maji ya mvua yataelekezwa wapi tuta likishainuka, maana watu wanakimbilia fidia halafu masika nyumba zilizobaki zinajaa maji.

Mama_Wawili: Na wapangaji jamani! Lami ikifika kodi inapanda, tunahama sisi, na fidia ya nyumba ni ya mwenye nyumba.

Mleta mada: Nashukuru sana. Kesho naenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuulizia tarehe ya kikao.