Mtawa mlevi halazimiki kunywa! DM wetu anaendesha mchezo kwa kanuni za kichwani mwake

Wakuu, kabla hamjaniambia "yamalizeni mezani", tumeshabishana mezani hadi koo zimekauka.

Nacheza mtawa (mpiganaji wa ngumi) wa njia ya mlevi kwenye mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, kanuni za 2014, huyu aliyekuja na kitabu cha Xanathar's Guide to Everything mwaka 2017. Yuko ngazi ya 7. Kinachomponza ni jina tu. DM wetu, yaani mwendesha mchezo, aliona neno "mlevi", akafunga kitabu. Kwake yeye, kila nikitaka kutumia uwezo wowote wa njia hii, lazima mhusika apige kwanza funda la pombe, nirushe dadu ya Ustahimilivu, na nikishindwa nahesabiwa nimekula sumu. Maana yake kila shambulizi na kila jaribio la uwezo narusha dadu mbili nachukua ndogo. Yaani natozwa faini kwa kutumia kitu nilichokipata kihalali tangu ngazi ya 3!

Hiyo pombe imeandikwa wapi jamani? Njia hii inakupa ujuzi wa maonyesho na wa vifaa vya kutengenezea pombe, basi. Kuyumba kwake ni usanii: adui adhani anapigana na mtu asiyejiweza, kumbe anachorwa. Toleo la tatu la mchezo lilikuwa na mlevi wa kunywa kwelikweli, sikatai. Lakini hata yule, kila chupa ilimpunguzia Hekima na Akili huku ikimwongezea Nguvu au Ustahimilivu. Alikuwa anapata kitu. Mimi napunjwa tu.

Tena kwa kanuni za 2014 mtawa yeyote akifika ngazi ya 10 ana kinga kamili ya sumu, kwa hiyo sheria yake hiyo inakufa yenyewe ngazi tatu mbele. Nilipomwambia akajibu eti pombe ni "sumu ya aina nyingine". Aina gani? Hali ya kuwa na sumu ni moja tu kwenye kanuni!

Kilichonileta hapa hasa ni kugeuza pigo, ule uwezo wa ngazi ya 6. Jitu limetaka kunipiga rungu, limenikosa. Ubavuni kwangu kasimama mchawi wao. Nikatoa pointi 1 ya ki (akiba ya nguvu za mtawa), nikatumia tendo langu la kujibu, nikasema rungu limshukie mchawi. DM: "Rusha dadu tuone kama linavuka kinga yake." Hakuna kitu kama hicho. Maandishi yanasema pigo LINAMPATA, hayasemi lijaribu kumpata. Alipoona hapo hapenyi, akaja na jingine: jitu liko mbali na mchawi, mkono wake haufiki. Masharti ninayoyaona mimi ni kwamba mlengwa awe ndani ya futi 5 kutoka kwangu, niwe namwona, na asiwe mshambuliaji mwenyewe. Umbali wake na jitu haumo kabisa. Na si kwamba napata bure: tendo la kujibu ni moja kwa raundi, nikigeuza rungu siwezi tena kudaka mshale.

Hapo nina swali la kweli pia. Kama silaha iliyonikosa ina madhara ya ziada, mfano sumu, aliyegeuziwa anabeba vyote? Mimi nasema pigo likishampata limempata na vilivyomo.

Kwenye mfululizo wa ngumi (zile ngumi mbili za ziada za mtawa) DM yuko sahihi nusu. Ngumi hizo zinakuja baada ya tendo la kushambulia, kwa hiyo kujitoa (kuondoka bila adui kukupiga) na zile futi 10 za mwendo wa ziada vinaanzia hapo. Nikimkimbia adui kabla, ananipiga lile pigo la bure. Sawa. Lakini sasa anadai kujitoa kunahusu yule tu niliyempiga! Kujitoa ni kwa mwendo wako wote uliobaki kwenye zamu hiyo, hata wawe maadui kumi.

Akibanwa anakimbilia kitabu cha 2024, eti humo mtawa mlevi hayumo. Kweli hayumo. Basi tuhamie 2024 moja kwa moja, anipe na mfululizo wa ngumi usiongoja nishambulie kwanza. Hataki. Anachukua kinachoniumiza, kingine anakiacha.

(Na mwenzetu anayeniambia nivumilie hadi ngazi ya 17 nikapige joka ngumi tano za mfululizo: soma tena, ndugu. Zile za nyongeza zinataka kila ngumi iende kwa kiumbe tofauti. Joka likiwa peke yake litakula mbili.)

Mnaoendesha michezo humu, kuna anayedai dadu ya pili kwenye kugeuza pigo? Ameisoma wapi? Leteni ukurasa. Na mtu asiniambie nibadilishe mhusika.