Nimekatwa alama kwa sababu ya "rizz": hii "riziki" imeingiaje hapa?

Wakuu, nililipa shilingi 30,000 kujiunga na kozi ya Kiingereza inayofundishwa kwenye kundi la WhatsApp, na juzi mwalimu amenikata alama mbili kwa jibu lililo sahihi. Swali la nne lilitaka asili ya "rizz", yaani ule mvuto wa kumnasa mtu kwa maneno na madaha. Niliandika kwamba ni kipande cha "charisma". Picha ya karatasi yangu ikarudi na mkasi mwekundu, na pembeni ameandika: "Linatokana na riziki. Wazungu walilichukua pwani yetu."

Pwani ipi? Neno hili lilivumishwa miaka hii hii na Kai Cenat, kijana wa New York anayerusha vipindi mubashara kwenye mtandao wa Twitch, ambaye alikuwa akilitumia na rafiki zake. Kisha wachapishaji wa kamusi za Oxford wakaliteua kuwa neno la mwaka 2023, wakieleza kuwa inaaminika limekatwa kutoka katikati ya "charisma". Hakuna jahazi lililohusika. Na kama mwalimu anaona ajabu neno kukatwa katikati, afungue friji ya jikoni kwake, ambayo jina lake la Kiingereza lilichomolewa vivyo hivyo ndani ya "refrigerator", kichwa na mkia vikatupwa kama vya dagaa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ukweli ungemnogea kuliko uzushi wake. "Charisma" ni Kigiriki, ni kipawa kitolewacho kwa neema, na ndilo neno la Paulo katika waraka kwa Wakorintho ambalo Biblia yetu imelitafsiri karama. Akitaka ndugu wa kweli wa "rizz" katika Kiswahili, amtafute miongoni mwa Wakatoliki wa Karismatiki. Riziki ina ukoo wake mwingine kabisa: sisi tumeipata kwa Waarabu, nao waliipokea kutoka Uajemi, ambako ilikuwa posho ya siku.

Nilimwandikia haya yote kwa adabu, saa tatu usiku. Tiki mbili zikageuka bluu, akajibu kwa kikatuni cha kucheka, kisha akabandika tangazo la kozi ya mwezi ujao. Ninadai alama zangu mbili, na masahihisho ayaweke kwenye kundi lile lile, kwa kuwa wenzangu wawili wameshanakili jibu lake kwenye madaftari.