Rasta kwenye barabara kuu za Dodoma: zibaki au ziondolewe?

Wakuu, habari za majukumu. Kila anayetoka Dodoma kwenda Morogoro, Singida au Iringa anazijua rasta, ile mistari iliyoinuka juu ya lami unapokaribia kijiji, shule au kivuko cha pundamilia. Kuna wanaotaka ziongezwe maana watoto wanagongwa. Kuna madereva na wenye magari wanaotaka zing'olewe zote kwa kuwa zinamaliza shokapu na bushi. Mimi naona pande zote mbili zimeruka swali moja: rasta inamuadhibu nani, anayekwenda taratibu au anayekimbia?

Inamuadhibu anayekwenda taratibu. Hilo ndilo linaloniudhi.

Panda Coaster, kaa siti ya nyuma kabisa, juu ya ekseli. Dereva akiingia kwenye rasta na spidi 50, vioo vinalia, mizigo inadondoka, mjamzito anajishika tumbo. Akizipita na spidi 90 unasikia mtetemo mwembamba, mara umekwisha. Dereva anajua, konda anajua. Ndiyo maana wengi wakiziona wanakanyaga mafuta.

Sababu yake ni hii. Bodi iliyokaa juu ya springi hupanda na kushuka polepole, kama mara moja au mbili kwa sekunde. Tairi na ekseli, vilivyobanwa kati ya springi na lami, hurukaruka mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Sasa chukua rasta zilizoachana mita 1.2. Ukiwa na spidi 50 unakwenda karibu mita 14 kwa sekunde, kwa hiyo tairi linapigwa kama mara 12 kila sekunde, sawasawa na mrindimo wake lenyewe. Kila pigo linaongezea la kabla yake. Ukifika spidi 100 mapigo yanazidi 23 na ekseli haiwezi tena kuyafuata.

Gari bovu au lililojazwa hali yake ni mbaya zaidi, kwa sababu springi haina tabia moja. Springi za vyuma vilivyopangana, kwenye mtikisiko mdogo, hukamatana kwa msuguano na gari linabaki kunesa kwa upepo wa tairi tu. Mzigo ukizidi, vyuma vya akiba vinagusa na ugumu unapanda ghafla. Ukizidi tena, ekseli inagonga ile raba ya mwisho, inayoizuia isigonge chasi. Shokapu nayo kwa kawaida hutengenezwa iwe laini inapobonyea na ngumu inaporudi, hivyo ukiipiga mfululizo haipati muda wa kurudi. Gari linazama kidogo kidogo, na rasta ya nne au ya tano inalikuta limeshakalia raba. Kipigo kile cha mgongo, abiria wa nyuma wanakijua.

Mjerumani Georg Duffing alichapisha mwaka 1918 hesabu za mitetemo ya springi za namna hii, ambazo ugumu wake hubadilika. Ukiongeza kasi ya mapigo, mtikisiko unakua, unakua, halafu unaanguka kwa mara moja. Ukipunguza kasi hiyo, mtikisiko haurudi kwenye kasi ileile ulipoangukia, unarudi kwenye kasi ya chini zaidi. Dereva anayekwambia "kuna spidi ukiivuka gari linatulia" anasema kweli.

Lakini kutulia huko ni kwa ndani tu. Chini, tairi linashika lami na kuiachia, na likiwa hewani halina breki wala usukani. Mita chache mbele ndipo ilipo pundamilia yenye watoto wa darasa la kwanza.

Kuna mama ameandika humu: "Toeni rasta muone watoto watakavyokwisha." Mama, shikamoo. Sisemi tuache lami tupu. Nasema tubadilishe umbo. Watafiti wa barabara wa Uingereza walilipima jambo hili miaka ya 1970, na tuta lililotoka huko lina urefu wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10, la mviringo. Kwenye kituta kifupi, usumbufu hupungua mwendo unapozidi. Kwenye lile refu huongezeka, kwa sababu bodi nzima inapata muda wa kunyanyuka. Anayelipita na spidi 30 halimsumbui sana, anayekuja na 80 anarushwa. Adhabu inampata anayestahili.

Rasta zibaki mbali kidogo kabla ya tuta, nyembamba, kazi yake iwe kumwamsha dereva kwa sauti. Tuta refu lisilotangazwa kwenye barabara ya spidi 80 nalo ni hatari.

Ndugu aliyesema "tatizo ni magari mabovu, si barabara" ana sehemu ya ukweli. Shokapu inayovuja mafuta inaonekana kwa macho, askari akiinama tu anaiona. Na fundi anayeongeza chuma kwenye springi ili Fuso libebe mahindi zaidi kutoka Kibaigwa anaua breki za gari hilo likiwa tupu, maana linadunda. Hilo likaguliwe. Ila hata gari jipya kabisa kutoka bandarini litazipita rasta vizuri zaidi likikimbia, kwa hiyo ukaguzi peke yake hautoshi. Wa zabibu za Hombolo na Mpunguzi sitawasemea, wenyewe wapo humu waeleze makreti yao yanafikaje sokoni.

Jambo la haraka kwangu ni barabara ya mzunguko wa nje ya jiji letu, ile ya kilomita 112.3. Malori yanahamia huko, na vivuko vya watembea kwa miguu vitahitajika Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu. Wahandisi mliomo humu, na wazazi wa maeneo hayo: mmeshauliza pale kwenu yatawekwa matuta marefu au mistari ileile?